Wakati uliopita usiozungumzia jana

Chukua sentensi hii: "If you came tomorrow, you would find her at home." Kitenzi ni "came", wakati uliopita, na pembeni yake limekaa neno "tomorrow". Mwanafunzi aliyekariri kwamba "came" maana yake ni "alikuja" ana haki ya kunyoosha mkono na kuuliza: amekujaje huyo, na kesho yenyewe haijafika? Lakini sentensi haina kosa. Mwenye lugha yake ataipokea bila kusita. "Came" hapo haifanyi kazi ya kutaja wakati, na hilo ndilo jambo ambalo vitabu vingi vya shule hulipita mbio ili viwahi kwenye jedwali la aina nne za sentensi za masharti za Kiingereza, yaani zile zenye "if".

Kiswahili kina kiambishi maalumu cha kudhania. Ukisikia "angekuja", ile -nge- imeshakuambia kwamba huyo mtu hajaja, au haielekei kwamba atakuja. Tuna na -ngali-, ambayo wengine huitamka -ngeli-. Kiingereza hakina kiungo cha aina hiyo. Zamani kilikuwa na maumbo ya pekee ya kitenzi kwa mambo ya kudhaniwa, lakini mengi yalichakaa yakafanana na maumbo ya kawaida, na leo linaloonekana wazi ni "were" ya "if I were you". Kazi ya kudhania ikaangukia wakati uliopita. Ndani ya kishazi chenye "if", kitenzi kikirudi nyuma hatua moja kinamwambia msikilizaji: hili liko mbali na ukweli. "Came" ya kesho inasema kwamba mzungumzaji haoni dalili kubwa ya wewe kuja, au hataki kuonekana anakusukuma.

Ujanja huohuo wanautumia kwenye adabu. Mtu anayetaka kuuliza sasa hivi husema "I wanted to ask you something", au "I was wondering if you were free". Hajaacha kutaka. Amerudi hatua moja nyuma ili asimbane mwenzake. Ukishaizoea picha hii ya kurudi hatua moja, sentensi za masharti hazitakutisha tena.

Maswali mawili kabla ya kugusa kitenzi

Swali la kwanza: jambo lenyewe bado liko wazi, au limeshafungwa? Liko wazi kama hujui ukweli wake, au kama linaweza kutokea. Limefungwa kama unajua kwamba si kweli, au unalichukulia hivyo. Swali la pili: ni jambo la lini? La sasa, la baadaye, au limeshapita?

Jambo likiwa wazi, kitenzi cha "if" kinabaki kwenye wakati wake halisi. Likiwa limefungwa, kinarudi hatua moja: la sasa au la baadaye linavaa wakati uliopita, na lililopita linavaa "had" pamoja na umbo la tatu la kitenzi, lile "gone" la "go, went, gone". Upande wa pili wa sentensi, upande wa matokeo, unachukua "would" ikiwa matokeo ni ya sasa au ya baadaye, na "would have" pamoja na umbo la tatu ikiwa yamepita. Kanuni yenyewe ni hiyo tu. Ugumu unaanzia pale mazoea ya Kiswahili yanapotuvuta upande mwingine, na yanatuvuta mahali panapojulikana kabisa.

Mlango ukiwa wazi

Kosa maarufu kuliko yote ni "If it will rain, we will stay inside." Chanzo chake ni "kama". Tunasema "Kama mvua itanyesha, tutabaki ndani", na mkono unaandika "will" palipo na -ta-. Dawa yake iko ndani ya Kiswahili chenyewe: ukitaka kuandika "if", waza kwa -ki-, usiwaze kwa "kama" na -ta-. "Mvua ikinyesha, tutabaki ndani." Kiambishi -ki- hakibebi wakati ujao, na kitenzi cha Kiingereza baada ya "if" nacho hakiubebi: "If it rains, we will stay inside." Akija, "if she comes". Ukichelewa, "if you are late". Wasipolipa, "if they don't pay". Wakati ujao unabebwa na upande wa matokeo peke yake, nao unatosha.

Kuna "will" halali baada ya "if", lakini hiyo haina uhusiano na wakati ujao. "If you will wait a moment, I will call him" ina maana ya "ukikubali kungoja". Hapo "will" ni hiari. Vilevile katika barua za heshima, "I would be grateful if you would reply by Friday". Na mtu akisema "If you will stay up all night", huku akilitia mkazo neno "will", anakulaumu kwa ukaidi wako wa kukesha. Zifahamu unapozisoma. Unapoandika, kama huna hakika, ziache.

Kingine kinachosahaulika ni kwamba jambo lililopita nalo linaweza kuwa wazi. Hujui kama mlinzi alikuwepo jana. Ukisema "If he was there last night, he heard the noise", hudhanii kitu kilicho kinyume cha ukweli. Unafuata hoja tu: kama alikuwepo, basi alisikia. Wakati uliopita hapo ni wakati uliopita wa kweli, kwa hiyo "was" ndiyo sahihi, na anayeibadilisha kuwa "were" ili aonekane msomi anaharibu. Vivyo hivyo: "If you have finished, you can go." "If they left at six, they will be here soon." "If she is sleeping, don't wake her." Hakuna hata moja kati ya hizi inayoingia vizuri kwenye lile jedwali la aina nne, ilhali ni sentensi za kila siku. Kwa maoni yangu jedwali lile linafaa mwezi wa kwanza wa kujifunza. Baada ya hapo linazuia, kwa sababu linamfanya mtu aamini kwamba pande mbili za sentensi ni lazima zitoke kwenye mstari mmoja wa jedwali.

Tukiwa bado kwenye -ki-, kuna mtego mwingine. Kiambishi hiki hakitofautishi "ikiwa" na "wakati". "Nikifika nitakupigia" kwetu haina utata. Ukiandika kwa Kiingereza "If I arrive, I will call you", msomaji anaweza kujiuliza kuna hatari gani njiani. Jambo ambalo unatarajia kabisa litokee linachukua "when": "When I arrive, I will call you." Jua likizama, "when the sun sets". Tumia "if" pale ambapo huenda jambo lisitokee kabisa. Kitenzi chenyewe hakibadiliki, maana "when" ya namna hii nayo haitaki "will" baada yake.

"In case" ni kitu kingine tena. "Take an umbrella if it rains" maana yake ungoje mvua ianze ndipo uchukue mwavuli. "Take an umbrella in case it rains" ni kuuchukua sasa, mvua isije ikakukuta. Ile "isije ika-" yetu ndiyo "in case".

Na -sipo- ina tafsiri mbili ambazo hazikai pamoja: "if you don't" na "unless you". Usipoondoka sasa utachelewa: "If you don't leave now, you will be late", au "Unless you leave now, you will be late". "Unless you don't leave" ina ukanushi mara mbili, kwa sababu "unless" imeshakanusha, na maana inageuka: sasa inasema kwamba utachelewa isipokuwa usipoondoka. Kosa hili limo hata kwenye matangazo rasmi yaliyobandikwa ukutani.

Mlango ukiwa umefungwa

Hapa ndipo pana kazi. Kiswahili huweka alama ya kudhania pande zote mbili: "Ningejua, ningekuja." Ni pacha, na masikio yetu yanaipenda mizani hiyo. Ukiihamisha kama ilivyo unapata "If I would know, I would come", na kwa mambo yaliyopita, "If I would have known, I would have come". Kiingereza sanifu hakitaki pacha hao. "Would" inakaa upande wa matokeo, upande wa "if" unarudi hatua moja tu: "If I knew, I would come." "If I had known, I would have come." Utasikia "if I would have known" kwenye mazungumzo, hasa Marekani, na wasemaji wake wanaelewana vizuri sana. Kwenye mtihani, barua ya kazi au makala, bado inahesabiwa kosa.

Namna rahisi ya kukumbuka ni kuzichukulia -nge- mbili kama watu wawili wenye sura moja na majina tofauti. Ile iliyo upande wa sharti jina lake la Kiingereza ni wakati uliopita. Ile ya upande wa matokeo inaitwa "would". Ukiona "would" mbili ndani ya sentensi moja ya "if", moja inayo nafasi kubwa ya kuwa imepotea njia.

Mtego wa pili umejificha zaidi. Sarufi ya shuleni hutenga -nge- kwa jambo linalowezekana bado na -ngali- kwa lililokwisha kupita. Katika mazungumzo, -nge- hufanya kazi zote mbili. "Ungeniambia, ningekusaidia" inaweza kuwa ya leo au ya mwaka juzi. Muktadha ndio unaoamua, au mtu anaongeza "jana". Kiingereza hakikubali kuachiwa muktadha. Ni lazima uchague: "If you told me, I would help you" ni kwamba hadi sasa huniambii, na bado unaweza. "If you had told me, I would have helped you" ni kwamba nafasi ilipita, na sasa nakulaumu kidogo. Mtu aliyekusudia ya kwanza akaandika ya pili amegeuza ombi kuwa malalamiko. Kabla ya kutafsiri -nge- yoyote, jaribu kichwani kuigeuza iwe -ngali-, au "ningekuwa nimejua". Ikikubali bila kubadili maana, uko kwenye jambo lililopita na utahitaji "had".

Anza na ukweli, kisha ugeuze

Njia ninayoiamini kuliko kukariri ni hii: usianze na "if". Anza na mambo yalivyo, kwa sentensi fupi za kawaida. Kila sentensi ya ukweli ina wakati wake. Kisha fanya mambo mawili kwa kila moja: irudishe hatua moja nyuma, na igeuze, yaani iliyokanushwa iwe ya kukubali na ya kukubali ikanushwe.

Tuchukue simu moja. Juma hakuichaji jana usiku. Leo imezima. Asubuhi alipigiwa, hakupatikana. Na tabia yake ni kusahau. Kwa Kiingereza: "Juma didn't charge his phone last night. It is off now. He missed a call this morning. He is forgetful."

Unganisha la kwanza na la tatu. Yote mawili yamepita. "Didn't charge" inarudi nyuma na kugeuka kuwa "had charged". "Missed" ni matokeo yaliyopita, yanageuka kuwa "would not have missed". "If Juma had charged his phone, he would not have missed the call." Hii ndiyo inayoitwa aina ya tatu.

Unganisha la kwanza na la pili. Sharti limepita, matokeo ni ya sasa hivi: "If Juma had charged his phone last night, it would be on now." Hapa watu wengi wanaandika "would have been on now" kwa sababu wameshaweka "had" na wanadhani "have" ni lazima ifuate. Si lazima. Neno "now" ndilo linaloamua.

Chukua la nne na la kwanza. Kusahau ni tabia yake ya siku zote, kwa hiyo ni ya sasa, kutoichaji kumepita. "If Juma weren't so forgetful, he would have charged his phone." Sharti la sasa limezaa matokeo ya jana, na sentensi iko imara.

La mwisho: simu imezima, kwa hiyo hawezi kupiga. Yote ya sasa. "If his phone were on, he could call." Ile aina ya pili.

Simu moja, michanganyiko minne, na hakuna mahali tulipouliza ni aina ya ngapi. Kila upande ulijichagulia wakati wake kutokana na ukweli ulio nyuma yake. Hapa Kiswahili cha darasani hutuponza kwa namna yake: tulifundishwa kwamba -nge- isichanganywe na -ngali-, kwamba "ningejua ningalikuja" ni kosa. Mtu akiibeba sheria hiyo hadi kwenye Kiingereza, anaona mchanganyiko kama "If I had studied medicine, I would be a doctor now" na kuisahihisha hadi ikaharibika. Acha mchanganyiko uwepo. Daktari anayekosekana ni wa leo. Masomo yaliyokosekana ni ya zamani.

Kama ukweli wenyewe unaendelea, uendelee pia ndani ya dhana. "It is raining, so they are not playing" inakuwa "If it weren't raining, they would be playing." "He was not wearing a helmet" inakuwa "If he had been wearing a helmet". Kosa hapa ni kuandika "If it didn't rain", ambayo inazungumzia mvua kwa ujumla wake, hali mvua tunayoisema ni hii inayonyesha sasa hivi.

Upande wa matokeo haufungwi na "would" peke yake. "Could" inaongeza uwezo, "might" inaongeza shaka. "If you had called, I could have come" ni ningeweza kuja; "I might have come" ni huenda ningekuja, usinishike sana. Angalia tu usiweke "may have" penye jambo lililofungwa. "He may have drowned" ni kwamba bado hatujui kama alizama, watu wanatafuta. "He might have drowned if the rope had broken" ni kwamba yupo, yuko salama, na tunashukuru kamba haikukatika. Kuna tofauti kubwa kwa familia inayosoma.

Vidude vidogo vinavyoangusha watu

"Had had". Wengi wakiiona wanadhani kidole kimeteleza kwenye kibodi. Iko sahihi. Ya kwanza ni kisaidizi, ya pili ni kitenzi chenyewe cha kuwa na kitu. "If I had money" ni ningekuwa na pesa, leo. "If I had had money" ni ningekuwa nazo wakati ule. Ukifuta moja kwa sababu inakukera machoni, umeihamisha sentensi kutoka jana hadi leo.

Kifupisho cha 'd kina sura mbili. Kikifuatwa na kitenzi cha asili ni "would": "I'd go". Kikifuatwa na umbo la tatu ni "had": "I'd gone". Vitenzi kama "put" na "cut", ambavyo maumbo yake yote yanafanana, vinaweza kukuchanganya. Hapo angalia upande. Kwenye "If I'd put it here, you'd have seen it", 'd ya kwanza iko upande wa "if", kwa hiyo ni "had". Ya pili inafuatwa na "have", na "have" ikiwa haijabadilika umbo hutanguliwa na "would", kamwe si "had".

"Would of" haipo. Inatokana na masikio: "would've" ikitamkwa haraka inasikika hivyo, na hata waliozaliwa na Kiingereza wanaiandika kimakosa. "Could of" na "should of" ni ndugu zake.

"Was" au "were"? Kwa jambo lililofungwa, "were" kwa nafsi zote ndiyo salama kwenye maandishi rasmi: "if I were", "if she were", "if it were". Kwenye mazungumzo "if I was" imejaa kila mahali na hakuna anayeshtuka. "If I were you" pekee ndiyo imeshikilia umbo lake karibu kila mahali. Na nirudie lile la mlinzi: kama jambo liko wazi na limepita, ni "was". "If I was rude yesterday, I apologise" ni ya mtu anayekubali kwamba huenda alikosa.

Koma. Kishazi cha "if" kikitangulia, weka koma baada yake. Kikifuata nyuma, usiweke. Basi.

"If" ikiondoka kabisa, kitenzi hupanda mbele: "Had I known", "Were it not for the noise", "Should you need help". Ni "had", "were" na "should" tu zinazofanya hivyo siku hizi. Ukanushi wake haufupishwi: ni "Had it not been for her", si "Hadn't it been". Mtindo huu una joho begani. Ndani ya ujumbe wa simu kwa rafiki utachekesha. "Should you need help" peke yake ndiyo imezoeleka, hasa mwishoni mwa barua za kazi.

Laiti, kana kwamba, na wenzao

Laiti ni "I wish" au "if only", na sheria ya hatua moja inafuata vilevile. Laiti ningejua wakati ule: "I wish I had known." Laiti ningekuwa mrefu: "I wish I were taller." Kwa sababu Kiswahili kinatumia -nge-, mkono unakimbilia tena "would": "I wish I would know". Hiyo haisimami. Baada ya "wish", "would" ni ya utashi wa mwingine, na mara nyingi ina manung'uniko ndani yake: "I wish you would stop whistling." Mvua nayo inaweza kusemwa hivyo, "I wish it would rain", kana kwamba ina kichwa chake. Lakini mtu hawezi kunung'unikia utashi wake mwenyewe, kwa hiyo kwa nafsi ya kwanza sema "I wish I could".

Na "wish" isichanganywe na "hope". Ukimtakia mtu jambo ambalo bado linawezekana, ni "I hope you pass". "I wish you passed" inasema kwamba hufaulu. "I wish you success" ni sawa kwa sababu kinachofuata ni nomino, hakuna kitenzi cha kurudisha nyuma.

"Kana kwamba" ni "as if", nayo inakupa nafasi ya kuchagua. "He talks as if he knows the answer" inaacha uwezekano kwamba anajua. "He talks as if he knew the answer" inasema hajui, anajifanya. Tofauti ya hukumu nzima imebebwa na kitenzi kimoja.

Wengine wawili wanapenda wakati uliopita huku wakizungumzia sasa. "It's time we left": muda wa kuondoka umefika, na bado tumekaa. "I'd rather you told her": afadhali wewe umwambie, nawe hujamwambia bado. Hizi zinashangaza kwa sababu hazina "if" ndani yake, lakini mantiki ni ile ya "came" ya kesho.

"Hata kama" inahitaji kuulizwa swali. Kwa Kiswahili tunaitumia kwa dhana na kwa ukweli pia: "Hata kama ni tajiri, hana raha" husemwa juu ya mtu ambaye utajiri wake unajulikana. Hapo Kiingereza kinataka "even though he is rich". "Even if" ni ya jambo usilolijua au usilolikubali: "Even if he were rich, she wouldn't marry him."

Mtu akisimulia maneno ya mwenzake

Hapa Kiingereza kinapoteza tofauti ambayo Kiswahili kinaitunza, na ni vizuri kwa mara moja sisi tukawa upande wenye faida. Asha alisema: "If I have time, I will help." Mlango wazi. Ukisimulia baadaye, vitenzi vinarudi nyuma kwa sababu ya kusimulia: "Asha said that if she had time, she would help." Siku nyingine Asha alisema: "If I had time, I would help." Mlango umefungwa, hana muda. Ukisimulia, vitenzi vya dhana kwa kawaida havirudi nyuma tena, kwa hiyo unapata: "Asha said that if she had time, she would help." Sentensi ileile, neno kwa neno, kutoka kauli mbili zilizo tofauti kabisa. Ya kwanza ilikuwa nusu ya ahadi. Ya pili ilikuwa kukataa kwa upole.

Kiswahili kinazitenga bila jasho: "Asha alisema akipata nafasi atasaidia", na "Asha alisema angekuwa na nafasi angesaidia". Anayetafsiri kutoka Kiingereza, hasa mkutano au ushahidi, asichukue -nge- kwa sababu tu ameona "would". Arudi kwenye kauli ya mwanzo kama ipo. Na anayeandika kwa Kiingereza, akitaka ahadi ya Asha ibaki wazi kama ilivyotolewa, aikwepe "would": "Asha has promised to help if she has time." Akitaka kukataa kwake kueleweke, aseme wazi: "Asha said she would help but doesn't have the time."